Corolla Axio: Uimara na udhaifu wa gari la mwenye kipato cha kawaida

Toyota Corolla Axio ni gari dogo la milango minne, lenye buti lililotengwa na sehemu ya abiria, ambalo lilianza kuuzwa Japani Oktoba 2006. Lilirithi nafasi ya Corolla ya kizazi kilichotangulia katika soko la nyumbani kwao, na ndugu yake mwenye mgongo mrefu akaendelea kuitwa Fielder. Afrika Mashariki lilifika kwa njia ya mtumba: hununuliwa kwenye minada ya Japani, hupakiwa melini, na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika miaka kadhaa. Leo ni miongoni mwa magari yanayoonekana sana kwenye barabara za Nairobi, liwe la mwalimu, la karani wa benki au teksi inayoitwa kwa simu.

Sifa zake nyingi, njema na mbaya, zinatokana na jambo moja: liliundwa kwa ajili ya Wajapani. Sheria za Japani huliweka gari katika daraja la magari madogo ikiwa, pamoja na masharti mengine, upana wake hauzidi mita 1.7. Axio ya kwanza ina upana wa milimita 1,695 na urefu wa milimita 4,410, ilhali Corolla iliyotengenezwa wakati huohuo kwa nchi nyingine ilifikia upana wa milimita 1,760. Wembamba huo hulisaidia gari kupenya vichochoro na kuegeshwa pembamba. Watu wazima watatu wakikaa kiti cha nyuma, mabega yao hugusana mwanzo hadi mwisho wa safari. Upo pia mtego kwa mnunuzi wa spea: taa, bampa na milango ya Corolla iliyouzwa mpya nje ya Japani havikai kwenye Axio, hata kama jina kwenye kisanduku ni Corolla.

Kuna vizazi viwili. Cha kwanza kilitengenezwa kati ya 2006 na 2012, na mafundi hukitambua kwa namba ya chesisi inayoanza na NZE141, au ZRE142 kwa injini ya cc 1,800. Cha pili kilitoka Mei 2012, kikiwa kifupi kwa sentimita tano na kikitumia muundo wa chini wa jamii ya Vitz. Ni NZE161 kwa injini ya cc 1,500, NRE160 kwa ile ya cc 1,300, na NKE165 kwa haibridi, iliyoanza kuuzwa Agosti 2013. Hata baada ya Corolla mpya kabisa kuzinduliwa Japani mwaka 2019, Axio hii iliendelea kutengenezwa, hasa kwa makampuni yanayohitaji magari ya kazi.

Uimara mkubwa wa Axio umo katika injini yake ya kawaida, 1NZ-FE. Ina ujazo wa cc 1,496 na nguvu za farasi zipatazo 109, kiasi kinacholitosha gari lenye uzito wa takriban tani moja na robo likiwa limebeba abiria wawili. Mzunguko wa vali zake huendeshwa kwa cheni ya chuma. Injini nyingi za zamani za Toyota zilitumia mkanda wa mpira uliopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na aliyesahau aliweza kujikuta amesimama kando ya barabara. Cheni haina ratiba hiyo. Hudumu muda mrefu mradi oili ibadilishwe kwa wakati.

Faida kubwa zaidi ya injini hiyo ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya Axio peke yake. Imo katika Vitz, IST, Probox, Sienta, Fielder, na hata Premio na Allion za cc 1,500. Fundi wa Kisii, Arusha au Masaka anayeifungua leo ameshaifungua mara nyingi katika magari mengine. Maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na Kisekka mjini Kampala huuza vipuri vyake vipya na vilivyotumika, na injini nzima iliyotolewa kwenye gari lililochakaa Japani hupatikana bila kuagizwa. Gari la kampuni nyingine linaweza kuwa na viti bora na mwendo mtamu zaidi, lakini mwenyewe akasubiri wiki tatu ili kipuri kimoja kiletwe kwa ndege. Kwa anayelitegemea gari kwenda kazini kila asubuhi, tofauti hiyo ina uzito kuliko urembo wowote wa dashibodi.

Wingi huo wa spea una upande wake mbaya. Palipo na wateja wengi pana bidhaa bandia nyingi, na vipuri vinavyoghushiwa zaidi ni vile vinavyobadilishwa mara kwa mara: chujio za oili, plagi, pedi za breki na hata oili yenyewe. Pedi bandia hufanana na halali machoni, kisha huisha baada ya muda mfupi na kuikwaruza diski.

Injini inapozeeka, ugonjwa wake wa kawaida ni kula oili. Inahitaji lita 3.7 hivi pamoja na chujio, kiasi ambacho ni kidogo. Ikipoteza lita moja na nusu kabla ya tarehe ya kubadilisha, iliyobaki huwa haitoshi kuilinda. Chanzo mara nyingi ni uzembe wa miaka mingi, unaozifanya ringi za pistoni zigande kwa masizi. Kifuniko cha kujazia oili kilicho juu ya injini hueleza mengi kuhusu historia hiyo. Kikifunguliwa na kumulikwa kwa tochi, chuma cha ndani kikionekana safi au chenye rangi ya kahawia hafifu, gari lilitunzwa. Kikionekana kimepakwa tope jeusi zito, oili iliachwa mpaka ikaungua. Moshi wa samawati unaotoka kwenye ekzosi asubuhi, injini inapowashwa mara ya kwanza, huthibitisha yaleyale.

Kwa matumizi ya mafuta, Axio ya cc 1,500 haina mengi ya kulaumiwa. Katika barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, lita moja ya petroli huweza kulipeleka gari kilomita 15 au zaidi kidogo. Katika msongamano wa jiji, kiyoyozi kikiwashwa, hesabu hushuka hadi kilomita 10 au 12. Injini ya cc 1,300 huonekana kwenye karatasi kuwa nafuu zaidi, na kwa anayezunguka mjini peke yake ni kweli. Ikipakiwa watu watano na mizigo ya likizo, kisha ikaelekezwa kwenye mlima, hulazimika kuzunguka kwa kasi muda mrefu na akiba ile hutoweka. Injini ya cc 1,800 ya kizazi cha kwanza hupanda milima bila kulalamika, ila si nyingi sokoni.

Sehemu inayogawanya maoni ya mafundi ni giaboksi. Axio nyingi zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kupanda kwa hatua. Ndani yake mna puli mbili zinazojipanua na kujibana, zikiunganishwa na mkanda wa chuma. Puli zinapobadilika upana, uwiano wa mzunguko hubadilika taratibu, na injini hubaki katika kasi inayookoa mafuta. Gari huchanganya mwendo kwa ulaini ambao otomatiki ya kawaida ya bei hiyo haiwezi kuufikia.

Udhaifu wake ni kwamba kazi yote hufanywa na msuguano kati ya mkanda na puli, na msuguano huo hulindwa na oili ya aina maalumu. Kosa linalotendeka sana kwenye gereji za mitaani ni kumimina ATF, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, kwa kuwa ni rahisi na ipo dukani. Gari huondoka likiwa zima. Baada ya wiki au miezi, mkanda huanza kuteleza: gari hutetemeka linapoondoka, injini hunguruma bila mwendo kuongezeka, na mlio mwembamba husikika kadiri mwendo unavyopanda. Ikifika hapo, ukarabati ni wa kubahatisha, na wenye magari wengi huishia kununua giaboksi nyingine iliyotumika ambayo historia yake haijulikani. Maneno ya wauzaji kwamba oili ya CVT hudumu maisha yote ya gari hayafai kufuatwa kwenye joto, vumbi na foleni za miji yetu. Mafundi waangalifu huibadilisha baada ya kila kilomita 40,000 hadi 60,000.

Tabia ya CVT mlimani huwashtua madereva wageni. Pedali ikikanyagwa, sauti ya injini hupanda na kubaki palepale muda mrefu. Hilo si kasoro, ndivyo ilivyoundwa. Hatari yenyewe iko kwenye mteremko. Wengi huacha lever kwenye D na kukanyaga breki tangu juu hadi bondeni, wakati chini ya D kuna alama za S na B zilizowekwa ili injini isaidie kuzuia gari. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga kule Iringa, au wa kushukia Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, breki zinazotumika peke yake hupata joto na kupoteza nguvu, hasa kwa kuwa Axio za kawaida zina diski mbele na ngoma nyuma. Kuisogeza lever kwenye B hakugharimu chochote. Anayemkabidhi mwingine gari lake kwa safari ndefu anapaswa kumwonyesha alama hizo kabla hajaondoka. Wanaoikimbia CVT kabisa wanaweza kutafuta Axio yenye gia tano za mkono, ambayo ilitengenezwa kwa injini ya cc 1,500, ingawa kwenye yadi ni nadra.

Hakuna udhaifu wa Axio unaolalamikiwa kuliko ufupi wake. Kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari ni takriban sentimita 15, kipimo kinachotosha lami ya Nagoya. Kwenye tuta lisilo na kipimo, lililojengwa na wakazi kwa mawe na udongo baada ya mtoto kugongwa, gari lililobeba watu wanne hukwaruza sakafu hata likienda taratibu. Barabara za murramu zilizochimbwa na mvua ni mbaya zaidi, kwa kuwa mwinuko wa katikati ya njia hugonga sampu ya oili. Tundu dogo kwenye sampu humwaga oili yote bila dereva kujua, mpaka taa nyekundu iwake, na wakati huo injini inaweza kuwa imeshakufa. Bamba la chuma la kuikinga sampu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa na mwenye Axio anayeishi nje ya lami.

Wengine huliinua gari kwa kuweka spesa juu ya shokapu au kwa springi ndefu. Sentimita mbili au tatu huvumilika. Zikizidi, jointi za shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele hufanya kazi katika pembe ambayo hazikuundiwa, raba zake hupasuka, grisi hutoka, na mlio wa kukatika-katika husikika wakati wa kukata kona. Muundo wenyewe wa chini ni rahisi na wa kudumu: shokapu zenye springi mbele na mhimili mmoja unaojipinda nyuma. Kinachochakaa ni bushi, linki za stabilaiza na shokapu, vitu ambavyo bei yake haimtishi mwenye gari na ambavyo fundi wa kawaida huvibadilisha kwa siku moja.

Ndani ya gari, Axio ni ya kiasi. Viti ni vya kitambaa, plastiki za dashibodi ni ngumu, na kelele za matairi huingia waziwazi kwenye lami yenye kokoto. Kizazi cha pili kina nafasi nzuri ya miguu kwa abiria wa nyuma kuliko urefu wake unavyoashiria. Buti ni kubwa kwa gari la daraja hili, na kwa kuwa limefungwa, mizigo haionekani kutoka nje, jambo linalothaminiwa na anayeegesha gari mitaani. Kero ndogo lakini ya kila siku ni redio. Redio za Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 88 na 108, kwa hiyo stesheni nyingi hazisikiki mpaka kiongezwe kifaa cha kuhamisha masafa au redio nzima ibadilishwe. Ramani na maandishi ya Kijapani kwenye skrini hayana msaada kwa yeyote hapa.

Haibridi inastahili kuangaliwa peke yake. Katika vipimo rasmi vya Japani vya wakati ule ilipewa kilomita 33 kwa lita, na ingawa matumizi ya kweli ni makubwa zaidi ya hapo, katika foleni ya jiji huiacha mbali Axio ya kawaida, kwa sababu gari husogea kwa umeme injini ikiwa imezimika. Kwa dereva wa teksi anayezunguka kutwa nzima, akiba hiyo ni fedha halisi. Lakini betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lenye wavu kando ya kiti. Vumbi la murramu, manyoya ya kitambaa na mfuko wa plastiki uliosahauliwa huliziba tundu hilo. Betri hupata joto na kuzeeka mapema. Kusafisha wavu na feni yake ni kazi ndogo ambayo hukumbukwa tu taa za onyo zinapowaka. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme unaoweza kuua, na nje ya miji mikubwa mafundi waliofunzwa kazi hiyo bado ni wachache.

Kwa usalama, Axio zina mifuko ya hewa kwa dereva na abiria wa mbele, pamoja na breki za ABS. Kuanzia marekebisho ya Aprili 2015, baadhi zilipewa mfumo wa Toyota Safety Sense C, unaotumia kamera na kihisi cha leza kilichowekwa nyuma ya kioo cha mbele kumwonya dereva, na kufunga breki ikiwa ajali iko karibu. Kioo hicho kikivunjika na kubadilishwa bila vifaa hivyo kupangwa upya, mfumo hauwezi tena kuaminiwa.

Jambo zito zaidi ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Corolla za kipindi cha kizazi cha kwanza ni miongoni mwa mamilioni ya magari ya makampuni mengi yaliyoitwa warudishwe duniani kote, baada ya kugunduliwa kwamba kemikali ya kulipulia mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kuelekea uso wa aliyeketi mbele. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar mwaka mzima. Gari lililotoka Japani kabla ya kurekebishwa halifuatwi na mtu, kwa hiyo ni juu ya mwenyewe kupeleka namba ya chesisi kwa wakala wa Toyota ili ihakikiwe. Hili halipaswi kungoja siku ya ajali.

Umri wa gari huamua bei yake kuliko hali yake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo Axio ya kizazi cha kwanza haiwezi tena kuagizwa. Inayouzwa leo imekwisha kukaa kwenye barabara za Kenya kwa miaka kadhaa. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hukokotoa ushuru kuanzia bei ya gari jipya iliyo kwenye orodha yake, kisha huipunguza kulingana na umri, bila kujali mnunuzi alilipa kiasi gani mnadani. Tanzania haina katazo la namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa gari dogo lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya miaka 15 na zaidi mwaka 2018.

Kwa anayeagiza Japani, karatasi ya mnada ni muhimu kuliko picha zinazong'aa. Daraja la 4 au 4.5 humaanisha gari lililotunzwa. Herufi R au RA humaanisha lilipata ajali na kutengenezwa. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi hiyo zilinganishwe na zinazosomeka kwenye dashibodi gari linapofika, kwa kuwa hesabu hiyo huchezewa njiani. Usukani uliong'aa kwa kushikwa, raba ya pedali iliyolika upande mmoja na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na gari linalodai kilomita 60,000.

Kwa anayenunua kwa mwenyeji, Axio ina wateja wengi na hushuka thamani polepole, kwa hiyo ni rahisi kuiuza inapohitajika fedha. Uhitaji huohuo huwavuta wezi wa vioo vya pembeni na taa. Pia hufanya magari yaliyochoshwa na kazi ya teksi, iliyopanuka Nairobi tangu Uber ilipofika mwaka 2015, kurudishwa sokoni yakiwa yamepigwa rangi na kuvalishwa viti vipya. Kufuli na vitasa vya milango ya nyuma huwa vimelegea kuliko ilivyo kawaida kwa gari la familia. Mengi ya hayo yalinunuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji hubaki kwenye kitabu cha umiliki mpaka deni liishe. Kumbukumbu hizo hukaguliwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, kabla fedha yoyote haijatolewa.